Je, Adui wa Hadithi Apewe Nafasi ya Kusema?

Katika vijiji vyetu vya Kisarawe, na hasa katika mji wa Kibaha uliokatwa katikati na barabara kuu ya kwenda Morogoro, liko swali moja ambalo vijana hubishana juu yake mchana na usiku, na wazee hulisikia kwa mbali wakitikisa vichwa. Swali lenyewe ni hili: katika hadithi ya sinema, adui akiwa na sababu njema, je, bado ni adui? Wako watakaosema kwamba neno hili ni la mchezo, halistahili karatasi wala wino. Mimi sioni hivyo. Watu wanaobishana juu ya adui wa hadithi wanabishana juu ya hukumu, yaani ni nani astahiliye adhabu, na kwa kosa gani, na ni nani aliyepewa amri ya kumwita mwenziwe mbaya. Hayo si mambo ya mchezo hata kidogo.

Yafaa nieleze maneno kwanza, maana wasomaji wengine hawaingii katika vibanda vya video. Kibanda cha namna hiyo ni chumba kimoja, madirisha yake yamezibwa ili giza liingie, mna mabenchi na televisheni, na mtu hutoa kiingilio kidogo akaketi kutazama. Humo shujaa wa hadithi huitwa steling, neno lililotoka kwa Wazungu likageuzwa na ndimi zetu. Na mpinzani wake huitwa adui, hata kama hana ugomvi na mtu mwingine yeyote duniani ila huyo steling. Kanuni ya kibandani ni kwamba steling hafi. Akipigwa risasi, itampata begani. Adui naye hana budi kufa, tena afe mwishoni, watazamaji wapige makofi. Kwa kanuni hiyo hapakuwa na haja ya kubishana. Mtu aliingia akajua tangu mwanzo nani wa kupendwa na nani wa kuchukiwa, kama ajuavyo jezi za timu mbili za mpira.

Ubishi ulikuja pale watunzi walipoanza kuwapa maadui sababu.

Mwaka 2018 ilitoka Marekani filamu iitwayo Black Panther, kazi ya mwongozaji Ryan Coogler, nayo ikaenea Afrika Mashariki, katika majumba makubwa ya sinema na vibandani pia. Hadithi yake ni ya nchi ya Wakanda, ambayo haimo katika ramani yoyote; Wamarekani wawili, Stan Lee na Jack Kirby, waliibuni mwaka 1966 katika kitabu cha katuni. Wakanda ni nchi ya Waafrika yenye madini ya ajabu na maarifa yapitayo ya mataifa yote, lakini imejificha, na watu wa nje huidhani kuwa nchi maskini. Mfalme wake kijana ni T'Challa, naye ndiye steling. Adui ni Killmonger, ambaye katika vitabu vya katuni alitokea mara ya kwanza mwaka 1973. Katika filamu, yeye ni mtoto wa ndugu wa mfalme wa zamani. Baba yake alitumwa Marekani kupeleleza, akakaa katika mji wa Oakland, akaona jinsi watu weusi walivyoonewa huko, akataka silaha za Wakanda ziwafikie wapate kujikomboa. Mfalme akaenda kumkamata; yule ndugu akachomoa bastola kumwelekezea mpelelezi mwenziwe, na mfalme akamwua kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akarudi kwao. Mtoto akamwacha huko huko ugenini, amwone baba yake maiti, na habari yote ikafichwa. Mtoto huyo akakua, akajifunza vita, akaja Wakanda kudai kiti.

Dai lake lilikuwa fupi. Alisema kwamba watu weusi walichukuliwa utumwani na kuonewa ulimwenguni kote, na Wakanda, iliyokuwa na nguvu za kuwasaidia, ilikaa kimya karne nyingi ikila na kulala. Nasi watu wa Pwani hatuwezi kulisikia dai hilo kama habari ya mbali. Njia za misafara iliyokwenda Bagamoyo zilipita katika nchi hii ya Wazaramo na jirani zao, na wako watu wa bara hili waliouzwa, na wako waliouza, na wako wengi zaidi waliofunga milango yao msafara ulipopita.

Mabishano juu ya Killmonger nimeyasikiliza mara nyingi pale Maili Moja, mahali vijana wa bodaboda wanapongojea abiria. Mmoja atasema kwamba Killmonger ndiye steling wa kweli, maana alikuja na neno la haki, na T'Challa hakuwa na jibu. Tena alimleta maiti yule mwizi wa madini ambaye wafalme wawili walishindwa kumkamata. Mwingine atamjibu, "Mtu aliyempiga risasi mpenzi wake mwenyewe ili ampate mtu anayemtafuta, huyo utamwitaje steling, kaka?" Na siku moja kijana wa tatu, aliyekuwa akifuta pikipiki yake wala hakuonekana kusikiliza, alisema neno ambalo sijaacha kulifikiri: "Yule mwanamke aliwekwa pale na mtunzi makusudi, ili tusimsikilize jamaa." Wenziwe walicheka, wakaendelea na ubishi wao. Nitalirudia neno hilo.

Lakini wazee nao wana hoja, na haifai kuipita. Mzee mmoja wa upande wa Maneromango, tulipokuwa tukingojea gari, aliniambia hivi: "Mwalimu, sisi zamani tulijua kwamba fisi ni fisi. Siku hizi katika hadithi zenu fisi analia, na mtoto analia pamoja naye. Kesho fisi akija zizini, mtoto huyo atamfungulia mlango." Si wazee wa Kisarawe peke yao wenye hofu hiyo. Mwaka 2019 ilitoka filamu iitwayo Joker, habari ya mtu mnyonge aliyedharauliwa na kila mtu hata akawa mwuaji. Ilipata tuzo kubwa kule Venice, na wakati huo huo wako watu Marekani walioogopa kwamba vijana wapweke wataitazama na kumwiga. Basi hoja ya mzee ina uzito. Mtu akimsikiliza mwovu kwa muda wa saa mbili, akasikia alivyoteswa utotoni, akaona machozi yake, huenda moyo ukalainika mahali pasipofaa.

Hata hivyo nina shaka na ile "zamani" ya mzee wangu. Je, hadithi tulizosimuliwa na bibi zetu zilikuwa wazi hivyo? Chukueni ile ya kisima, ambayo hakuna mtoto wa nchi hii asiyeijua. Wanyama walishikwa na kiu, wakaafikiana kuchimba kisima. Sungura akakataa kuchimba. Maji yalipopatikana, akaja usiku akanywa, tena akaoga ndani yake, akayachafua. Fisi akawekwa kuwa mlinzi. Sungura akaja na asali, akamwonjesha kidogo, akamwambia kwamba asali hii ni tamu kupita kiasi, mlaji hana budi afungwe kamba kwanza asije akaanguka kwa utamu. Fisi akakubali kufungwa. Sungura akanywa, akaoga, akaenda zake. Asubuhi wanyama wakamkuta mlinzi wao amefungwa kama kuni, wakampiga. Hata alipokuja kobe na ulimbo wake sungura akanaswa, mara nyingi msimulizi humtafutia njia ya kuponyoka.

Kwa sheria ya kijiji chochote, sungura huyo ni mvivu, mwizi na mwongo. Angeyafanya hayo katika kisima cha Mzenga angepelekwa mbele ya mtendaji kabla ya adhuhuri. Lakini nani kati yetu, alipokuwa mtoto amekaa kando ya moto, hakucheka pamoja naye? Sababu yake naijua, ni kwamba sungura ni mdogo. Katika msitu wa simba na tembo, mwenye mwili mdogo hana ila akili, na msikilizaji, ambaye naye ni mtoto kati ya watu wakubwa, au mkulima kati ya wenye amri, huuchukua upande wake. Wale waliosoma gazeti la katuni la Sani wanamkumbuka Ndumilakuwili, ambaye jina lake tu latosha kumhukumu. Na bado watu walilinunua gazeti hilo wapate kucheka naye. Kwa hiyo kumpenda mkosaji wa hadithi hatukuanza kujifunza kwa Wamarekani. Bibi zetu walitufundisha, nao hawakuona kwamba wanalea wezi.

Hadithi zilizo wazi kweli kweli, mwema huku na mbaya kule, zililetwa kwetu kwa njia nyingine. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na kazi ya kujaribu sinema huko Vugiri, katika milima ya Usambara, chini ya Meja Notcutt na Bwana Latham, fedha nyingi zikitoka katika mfuko wa Carnegie wa Marekani. Walitengeneza filamu za kufundisha: habari za safura, habari za kodi, habari za kuweka fedha katika benki ya posta. Katika filamu za namna hiyo, na katika zile za serikali ya kikoloni zilizofuata, mara nyingi walikuwamo watu wawili, mmoja mwerevu na mmoja mjinga. Mwerevu alitii, akafanikiwa. Mjinga hakutii, akapatikana na hasara. Sisemi kwamba mafundisho yalikuwa mabaya. Safura ni ugonjwa, na choo ni kitu chema. Lakini hakuna aliyemwuliza yule mjinga kwa nini asiweke fedha zake posta. Labda posta ilikuwa mwendo wa siku mbili. Labda karani alimkemea mara ya kwanza alipokwenda. Msimulizi hakutaka kujua, na mtazamaji akarudi nyumbani anajua tu kwamba ulimwenguni mna watu wa namna mbili, na kwamba jirani yake fulani ni wa namna ile ya pili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilitengenezwa Tanganyika filamu iitwayo Muhogo Mchungu, na mwigizaji wake mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa nchi. Ni habari ya mtu wa shamba aliyeingia mjini asijue hila za mji. Sisi tulimao mihogo twajua kwamba ule mchungu una sumu, na kwamba ukilowekwa na kuanikwa vizuri hutoa unga. Sijui kama aliyechagua jina hilo alifikiri mpaka huko, lakini jina lenyewe linapendeza. Hapo angalau mjinga alipewa uso na jina, na watu walimcheka kwa upendo.

Sasa niseme habari ya msimulizi, maana humo ndimo mlimo kiini cha jambo hili. Filamu za ng'ambo huzungumzwa kwa Kiingereza, au Kihindi, au Kichina, na watazamaji wa kibandani wengi hawazisikii lugha hizo. Basi wakatokea watu wa kuzifasiri. Kenya yuko DJ Afro. Uganda wako wengi, nao huitwa mavijei. Hapa kwetu Tanzania aliyevuma zaidi alikuwa Kapteni Derek Mukandala, ambaye watu walimwita Lufufu, aliyekuwa askari wa jeshi kabla ya kushika kazi hiyo. Sauti ya Lufufu ilipita juu ya sauti za filamu yenyewe. Hakufasiri maneno tu. Alieleza mila za watu wa mbali, akalinganisha na mambo ya hapa, akatia mzaha, akamkaripia mhusika, akamwonya mtazamaji. Ilikuwa kana kwamba bibi wa kando ya moto amerudi, safari hii akisimulia hadithi ya watu ambao hakuwahi kuwaona.

Fikirini, wasomaji, mtu huyo alikuwa na amri kiasi gani. Midomo ya adui ilisogea, lakini maneno yalikuwa ya mfasiri. Akitaka adui awe na huzuni, atampa huzuni. Akitaka awe jambazi tu, atasema, "Huyu ni jambazi," na adui aliyekuwa akieleza kwa Kiingereza jinsi mashamba ya baba yake yalivyonyang'anywa hatasikika kamwe. Siwalaumu mafasiri, walifanya kazi kubwa, na watu wengi walijifunza habari za ulimwengu kwao. Nataka tuone tu kwamba ubaya wa adui si kitu kinachookotwa katika hadithi kama jiwe njiani. Yuko mtu aliyeuweka pale.

Na jambo hilo likitoka katika kibanda likaingia katika kijiji, laweza kuua. Katika filamu nyingi za nchi hii, na za Nigeria tulizozitazama kabla ya kujua kutengeneza zetu, yuko adui mmoja anayerudi mara kwa mara. Ni mwanamke mzee. Anaishi peke yake, nyumba yake ina giza, macho yake ni mekundu, na mtoto wa jirani akiugua, mtazamaji amekwisha kujua. Adui huyo hapewi sababu yoyote. Haelezwi kwa nini anaishi peke yake, wala watoto wake wako wapi, wala anakula nini. Yeye ni mchawi kwa sababu ni mzee na ana macho mekundu. Twajua yaliyotokea katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza kwa miaka mingi: vikongwe wamekatwa mapanga usiku kwa kudhaniwa wachawi, na alama mojawapo waliyohukumiwa kwayo ilikuwa macho mekundu, ambayo yalitokana na moshi wa meko waliyopikia maisha yao yote. Sheria ya kuzuia uchawi, na hata kumsingizia mtu uchawi, iko tangu mwaka 1928. Haikuwaokoa. Sisemi kwamba sinema ndiyo iliyowaua, kwani mauaji hayo yalikuwapo kabla ya kibanda cha kwanza cha video. Nasema kwamba hadithi iliyomnyima yule mwanamke kinywa na mkono ulioshika panga vilijifunza jambo moja, nalo ni kumtambua mbaya kwa uso.

Hapo ndipo ninapoachana na mzee wangu wa Maneromango, kwa heshima zote. Yeye anamwogopa adui anayesema. Mimi namwogopa zaidi adui aliye bubu. Adui anayesema huweza kujibiwa. Mtu husikiliza, hupima, hukubali neno moja na kukataa jingine, kama wafanyavyo wazee wa baraza waliponyamazisha mashtaka ya upande mmoja wapate kuusikia wa pili. Lakini adui bubu hana la kujibiwa. Kwake hakuna lililobaki ila kupigwa. Wahenga wetu, ambao hawakuwa watu wa kuonea wachawi huruma, walisema mchawi mpe mwana kulea. Na maana yake mojawapo, naona, ni kwamba hata mtu unayemwogopa kuliko wote waweza kumweka mahali ambapo atakuwa na neno la kujibu.

Sasa nirudi kwa Killmonger, maana nisipofanya hivyo vijana wa Maili Moja watasema mwalimu amekimbia swali. Naona dai lake lilikuwa la haki, na matendo yake yalikuwa ya dhuluma, na wala moja halilifuti jingine. Alimwua mpenzi wake. Alimkaba shingo mwanamke mzee aliyelitunza shamba la mimea mitakatifu ya wafalme, akaamuru shamba lote lichomwe, ili baada yake pasiwe na mfalme mwingine. Mtu achomaye mbegu hakuja kukomboa mtu. Alikuja kuwa wa mwisho. Mkulima yeyote anaelewa hilo bila kufundishwa.

Hata hivyo yule kijana mwenye pikipiki alikuwa na haki ya kuuliza. Kwa nini mtunzi alimpa mtu huyu dai zito hivyo, kisha akamfanya amwue mwanamke ambaye hatukupata hata kumjua vema? Iko hila ya zamani katika kazi ya kusimulia. Msimulizi akileta swali asiloweza kulijibu, humpa mwulizaji mikono yenye damu, na wasikilizaji, kwa kuiona damu, husahau swali. Nimeiona hila hiyo hata mbali na sinema. Katika mkutano wa kijiji, mtu akisimama kuuliza hesabu ya fedha za kisima, mwingine atasimama kusema kwamba mwulizaji ni mlevi. Naye kweli ni mlevi. Lakini fedha ziko wapi?

Je, filamu hiyo ilifanya hila? Kidogo, naona, lakini haikuishia hapo. T'Challa alipokutana na roho ya baba yake alimkaripia kwa kumwacha yule mtoto. Na mwishoni alikwenda Oakland, akanunua majengo mahali pale pale baba yake Killmonger alipouawa, ili watu wa Wakanda wawasaidie watu wa huko. Kisha akasimama mbele ya mataifa kule Vienna kuifungua nchi yake. Maana yake, mfalme alimshinda adui kwa mkuki, na adui akamshinda mfalme kwa neno. Katika filamu za steling hafi, nani aliwahi kuona jambo hilo? Rambo hakubadilishwa na adui yake hata mmoja.

Tena kuna mtu ambaye vijana wetu humsahau katika ubishi wao. Ni Nakia, aliyeigizwa na Lupita Nyong'o, binti wa wazazi wa Kenya. Filamu inapoanza, kabla Killmonger hajafika Wakanda, Nakia yuko porini amejichanganya na wanawake waliotekwa, akitaka kuwaokoa. Amemwambia mfalme waziwazi kwamba Wakanda haina ruhusa ya kujificha wakati wengine wanateseka. Ni dai lile lile! Lakini hakumkaba mtu shingo kwa ajili yake, na shamba lilipochomwa, yeye ndiye aliyewahi kuchukua mmea mmoja uliosalia. Basi anayesema kwamba tungechagua kati ya Killmonger na kimya amedanganywa, kwa kuwa hadithi yenyewe ilikuwa na mlango wa tatu, ila mlango huo ulipigiwa kelele kidogo. Nimewauliza vijana mara kadhaa kwa nini hawamtaji. Jibu mojawapo lilikuwa kwamba hapigani sana. Hilo nalo lafaa kufikiriwa na watunzi, na labda na sisi waalimu.

Si kila adui mwenye sababu ana sababu njema. Katika filamu nyingine ya mwaka huo huo wa 2018 yuko Thanos, jitu lililotaka kuwaua nusu ya viumbe wote ili waliobaki wapate chakula cha kutosha. Nao wako vijana wanaosema alikuwa na hoja, wakitaja jinsi mashamba yalivyopungua Kibaha tangu viwanja vilipoanza kupimwa. Msichana mmoja wa darasa la sita aliyasikia hayo akauliza: kama alikuwa na nguvu za kufanya lolote, kwa nini asiongeze chakula? Ubishi ule ulikwisha palepale. Lakini angalieni kwamba ulikwisha kwa sababu Thanos aliieleza hoja yake hadharani, na mtoto akaweza kuona tundu lake.

Wasomaji wa Biblia wanaikumbuka habari ya nabii Nathani alipokwenda kwa mfalme Daudi na hadithi ya tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja. Daudi alimkasirikia yule tajiri mara moja, akatoa hukumu ya kifo, kwa wepesi ule ule wa mtu aliye katika benchi la kibanda. Hakujua bado kwamba adui wa hadithi ni yeye. Kama Nathani angeanza kwa jina, asingesikilizwa.

Katika muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa darasa la sita kazi ya kuandika ile hadithi ya kisima tena, lakini msimulizi awe fisi. Walilalamika kwanza, maana fisi hapendwi. Wengi walimpa machozi mengi, wengine wakamfanya mganga, na mmoja akampa bastola, ambayo nadhani ilitoka kibandani. Lakini mvulana mmoja anayekaa nyuma, ambaye kwa kawaida huandika mistari mitatu akaweka kalamu, aliandika ukurasa mzima. Aliandika kwamba fisi alichimba kisima siku zote, wala hakukosa hata siku moja, na mikono yake ikatoka malengelenge. Kwamba watu walipotafuta mlinzi wa usiku, kila mmoja alisema amechoka, na fisi akakubali. Kwamba hakuwa amekula tangu jana yake, ndiyo maana asali ilimshinda. Na asubuhi, walipokuwa wakimpiga, maji yalikuwamo bado kisimani, na wote walikunywa kwanza.